Kutoa breki za fito na kufunga breki za mafuta kwenye Ford ya 1930: mwongozo kamili

Moshi ulianza kutoka gurudumu la mbele kushoto tulipokuwa tumeshaipita Nala, barabara ya Singida. Mzee mwenye gari alikuwa pembeni yangu, kofia kaishika mkononi isichukuliwe na upepo. "Mjukuu wangu, kuna kitu kinaungua," akasema kwa utulivu, kana kwamba ni chungu cha jirani. Nikatoa mguu kwenye mafuta. Gari likasimama lenyewe, breki sijaigusa. Nikashuka na chupa ya maji, nikadondoshea dramu, ile ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu, tone moja. Likachemka na kuruka. Zote nne zilikuwa hivyo. Nikarudi kukanyaga pedeli: ngumu kama tofali tangu juu, haina hata nusu inchi ya kucheza.

Nikalala chini ya gari na spana ndogo, nikalegeza skrubu ya kutolea upepo ya mbele robo mzunguko, kisha ya nyuma. Mafuta yaliruka hadi kwenye shati langu. Tukalisukuma gari watu wawili, likaenda bila ubishi. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na lilikuwa la milimita moja na nusu. Nitalifikia.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu wanaokuja gereji kwangu Kizota na gari la kizamani huuliza kitu kimoja tu: zitashika? Kushika ndiyo sehemu rahisi. Siku zako zitaliwa na kuhakikisha kwamba breki zikishashika, zinaachia.

Gari lenyewe, na kama kazi hii inakuhusu

Ni Ford Model A, pikapu ya 1930, injini ya silinda nne yenye nguvu farasi 40. Lilikaa miaka mingi chini ya mbuyu huko Kongwa. Kongwa ndiko Waingereza walikoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, wakaleta hadi vifaru vilivyogeuzwa matrekta, na mradi ukafa 1951. Tangu hapo kila chuma chenye kutu kinachotoka wilaya ile husingiziwa kuwa "cha mradi wa karanga". Hili si la mradi. Baba yake mzee alilinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga shamba, basi.

Model A ilitoka kiwandani na breki za fito magurudumu yote manne. Pedeli inazungusha shafti iliyolala katikati ya chesisi, na shafti inavuta fito nne. Hakuna mafuta, hakuna raba. Duesenberg walikuwa na breki za mafuta magurudumu yote tangu 1921, Chrysler wakafuata 1924, lakini Henry Ford alizikataa hadi magari ya 1939. Matangazo yake yalijivunia kwamba dereva wa Ford ana chuma kitupu kuanzia pedeli hadi gurudumu.

Na tusimdharau. Fito zilizorekebishwa vizuri, zenye pini zisizolika, zinalisimamisha gari hili. Shida yake ni kugawana. Kila gurudumu lina fito yake na urefu wake. Moja ikilika kidogo, gurudumu hilo linachelewa na gari linavuta upande. Ukipakia mzigo, springi zinashuka, ekseli inasogea, na kipimo ulichokiweka asubuhi si kile tena. Mafuta hayana tabia hiyo. Ukiyasukuma, presha inafika sawa kila kona ya paipu, hata gari likiwa limeinama.

Kama gari lako ni la maharusi na la kuzunguka Mlimwa Jumapili, mimi ningekushauri urekebishe fito zako na ubaki nazo. Kama unafikiria kushuka Nyang'oro ukitoka Iringa, au Sukamahela ukitoka Manyoni, tena na mzigo nyuma, endelea kusoma. Ukibadilisha, usiuze fito wala shafti yake. Zipake oili, zifunge kwenye gunia, zitundike darini. Gari la umri huu lina thamani zaidi likiweza kurudi lilivyozaliwa.

Breki za kuazima kutoka gari gani

Njia iliyonyooka ni kuchukua breki za Ford yenyewe za 1940 hadi 1948. Dramu zake ni inchi 12, na studi zake tano ziko kwenye duara la inchi 5 na nusu, sawasawa na Model A, kwa hiyo rimu zinabaki. Ncha ya ekseli ya nyuma, ile iliyochongoka inayoshika habu, haikubadilika miaka yote hiyo. Sehemu hizi bado zinatengenezwa mpya Marekani kwa ajili ya wapenda magari ya zamani, na ndizo nilizotumia: beking pleti (bamba linalobeba viatu nyuma ya dramu), viatu vya breki, silinda za magurudumu na dramu. Vingine vyote, yaani paipu, hozi, mafuta, bolti na raba, nililetewa kutoka Gerezani, Dar es Salaam, kwa basi.

Njia ya pili ni breki za pikapu ya Ford F-1 ya 1948 hadi 1952, mtindo wa Bendix. Hizo viatu vyake viwili vimeungana chini na kimoja kinamsukuma mwenzake, hivyo zinauma kwa mguu mdogo zaidi. Ni nzuri. Ila zikivuta upande zinavuta kwelikweli, hivyo zinataka fundi asiye na haraka.

Njia ya tatu kila mtu Dodoma ataitaja: "Si uweke za Land Rover?" Land Rover za Series tunazo, zingine bado zinabeba kuni. Lakini dramu za ile fupi ya inchi 88 ni za inchi 10, na studi zake ziko kwenye duara la inchi 6 na nusu. Utatoboa dramu upya, utakereza ringi za kujazia, na mwisho wa kazi una breki ndogo zaidi kwenye habu iliyochokonolewa. Mimi siipendi.

Hesabu kabla ya spana

Kaa kwenye benchi na karatasi, maana ukikosea hapa hakuna kurekebisha kutakakokuokoa.

Tuseme mguu wako unasukuma kilo 30. Pedeli ni mtaimbo: pima kutoka pini inayoizungusha hadi unapokanyaga, kisha kutoka pini hiyohiyo hadi inaposhika fito ya masta silinda, ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli. Gawanya. Kwangu ilitoka 6 kwa 1, hivyo masta silinda inasukumwa kwa kilo 180. Masta silinda yenye tundu la inchi 1 ina eneo la sentimita za mraba 5.07, na presha inakuwa kama kilo 35 na nusu kwa kila sentimita ya mraba. Silinda ya gurudumu la mbele yenye tundu la inchi 1 na robo ina eneo la 7.92, kwa hiyo kila kiatu cha mbele kinasukumwa kwa kilo 281 hivi. Nyuma nikitumia silinda za inchi 1, ni kilo 180. Mbele lazima pawe pakubwa kuliko nyuma, kwa sababu ukifunga breki uzito unakwenda mbele na nyuma pananyanyuka. Nyuma pakishika kwanza, mkia unakuja kukusalimia.

Sasa kishawishi. Ukichukua masta silinda ndogo, ya inchi 7/8, presha inapanda hadi kilo 46 na zaidi, kwa mguu uleule. Inavutia. Lakini mafuta hayaongezeki kwa kutamani. Chukulia kila pistoni kwenye magurudumu isogee milimita 1 kabla kiatu hakijabana. Pistoni zote nane zinahitaji kama sentimita za ujazo 5.2. Masta ya inchi 1 itasafiri sentimita 1 kuzitoa, na pedeli itashuka sentimita 6. Masta ya 7/8 itaitaka pedeli ishuke sentimita 8, hapo lainingi, lile tabaka la kusugua kwenye viatu, bado mpya. Zikilika kidogo uko kwenye bodi ya sakafu. Nilichagua inchi 1.

Na iwe ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Ford ya 1939 ilikuwa na chumba kimoja: paipu moja ikipasuka, huna breki hata moja. Hakuna sababu ya kuuiga udhaifu huo leo. Tafuta masta silinda ya gari lenye dramu mbele na nyuma, si lile lenye diski mbele. Ya dramu ina valvu ndogo kwenye tundu la kutokea, inayobakiza presha kidogo kwenye paipu, kiasi cha pauni 10 kwa inchi ya mraba, ili raba za silinda za magurudumu zisilegee na kunyonya hewa. Ya diski haina valvu hiyo upande wa mbele, na utatoa upepo kila Jumamosi bila kujua unaingilia wapi.

Kubomoa

Weka gari kwenye stendi za chuma juu ya sakafu ngumu. Jeki peke yake si stendi, na matofali ya kuchoma yanapasuka bila taarifa.

Lainingi za zamani zichukulie zote kuwa na asbesto. Usipulize dramu kwa kompresa, hata kama ndivyo ulivyofundishwa. Vumbi lile likiingia kwenye mapafu halitoki. Lowesha kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa kitambaa, kifunge kitambaa kwenye mfuko. Upepo wa Dodoma usikupe moyo kwamba vumbi linakwenda kwa majirani.

Dramu za nyuma zinatolewa kwa pula inayojifunga kwenye nyuzi za habu. Usigonge ncha ya ekseli kwa nyundo, utaviharibu nyuzi na beringi kwa pigo moja. Ikigoma, kaza pula, mwagia mafuta ya kulegeza kutu, nenda ukanywe chai. Yangu ilitoka usiku peke yake kwa mlio ulioamsha mlinzi.

Ukishafungua usikimbilie breki mpya. Shika gurudumu la mbele juu na chini, litikise. Likicheza, kingi pini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia) au beringi zimekwisha, na breki mpya juu ya kingi pini mbovu zitatikisa stelingi mpaka meno. Angalia pia lile goroli kubwa la nyuma ya wishiboni, ule mkono wa umbo la V unaoishika ekseli ya mbele, chini ya kasha la flaiwili. Breki za mbele zinapouma, nguvu ya kuizungusha ekseli inaishia pale. Kikombe chake kikilika, ekseli inajipinda kila ukifunga breki. Nyuma, badilisha sili za oili. Lainingi ikilowa oili ya difu haifai tena, na kuichoma moto ili ikauke ni kujidanganya.

Beking pleti

Beking pleti zinafungwa kwa bolti nne kila gurudumu. Mbele kuna mambo mawili. Tundu la katikati linaweza kugusa uvimbe wa spindo, ile ncha inayobeba gurudumu la mbele, karibu na kingi pini. Saga pleti kwa faili kidogo kidogo, usisage spindo. Pili, beringi ya ndani ya dramu ya 1940 hadi 1948 ni kubwa kuliko ya Model A, hivyo spindo inavaa ringi ya kujazia. Ringi hiyo ni kazi ya mkerezaji mwenye mkono mtulivu: iingie kwa kubana, isilegee, isipasuke. Mpelekee spindo na beringi vyenyewe, usimpelekee vipimo kwenye simu.

Kisha hakikisha pleti imekaa katikati. Funga waya mgumu kwenye habu, ncha yake iguse ukingo wa pleti, zungusha habu polepole. Waya ukiacha nafasi upande mmoja na kukwaruza upande mwingine, viatu vitakaa upogo na lainingi italika kama soli ya mtu mwenye kigimbi kibaya. Tumia bolti za daraja la juu na nati za kufungwa kwa kota pini. Bolti za kufungia mabati ziachie mabati.

Dramu za Model A zilikuwa za bamba la chuma, na zikipata moto zinapanuka na kuvikimbia viatu. Za 1939 kwenda mbele ni za chuma cha kusubu. Ukipata zilizotumika, zikerezwe hadi mistari iishe, lakini zisizidi milimita 1.5 ya kipenyo juu ya kipimo cha awali. Dramu nyembamba inapasuka, hiyo si hadithi.

Viatu: jaribio la chaki

Hapa wengi huruka. Kiatu kipya na dramu iliyokerezwa mara chache vina mviringo mmoja. Paka chaki ndani ya dramu, ingiza kiatu kwa mkono, kisugue kidogo, kitoe. Chaki ikibaki kwenye ncha mbili tu, kiatu kitapiga kelele na kunata. Ikibaki katikati tu, kitashika vibaya mpaka kilike. Unataka alama iwe katikati zaidi na ipungue kuelekea kwenye ncha. Msasa mkali uliobandikwa ndani ya dramu yenyewe unasaidia: kisugue kiatu juu yake, piga chaki tena, tazama tena. Mimi kila gurudumu lilinichukua asubuhi nzima. Vaa barakoa hata kama lainingi ni mpya.

Weka grisi ya moto, kidogo sana, pale ukingo wa kiatu unapogusa pleti. Kidogo maana yake ni ncha ya kidole. Springi za kurudisha viatu zinunue mpya. Springi iliyochoka inashika vizuri na kuachia vibaya, na ule ugonjwa wa Nala unaweza kuanzia hata hapo.

Dramu ya nyuma inaporudi kwenye ncha ya ekseli, vyote viwili viwe vikavu kabisa. Hapana grisi, hapana oili. Kinachobeba gari ni msuguano wa ile ncha, na funguo ndogo ni msaidizi tu. Kaza nati si chini ya futi-pauni 100, na kama tundu la kota pini halijalingana, endelea kukaza hadi lilingane. Usirudishe nyuma.

Pedeli na masta silinda

Masta silinda inakaa chini ya sakafu, kwenye braketi. Braketi niliikata kutoka bamba la milimita 6 na kuifunga kwa bolti kwenye chesisi. Usiichomelee kwenye gia boksi. Chuma cha kusubu hakipendi moto wa fundi wa kuchomelea, na ukitaka kushusha gia boksi siku nyingine utalia. Ukimaliza, mtu akanyage pedeli kwa nguvu zake zote huku wewe uko chini na tochi. Braketi ikipinda hata upana wa ukucha, ongeza mbavu. Kila milimita inayopinda ni milimita 6 za pedeli zilizopotea.

Sasa ile milimita moja na nusu.

Ndani ya masta silinda, mbele kidogo tu ya raba ya pistoni inapopumzika, kuna kitundu chembamba kinachopanda hadi kwenye kopo la mafuta. Sindano nyembamba ndiyo inapita. Pedeli ikiwa juu, kitundu kiko wazi, na mafuta ya kwenye paipu yanawasiliana na kopo. Ukikanyaga, raba inakipita kitundu na kukifunga, ndipo presha inapojengeka. Ukiachia, raba inarudi, kitundu kinafunguka, mafuta ya ziada yanapanda.

Mimi nilitaka pedeli isicheze. Nikairefusha fito ya kusukuma mpaka ikagusa pistoni, nikajisifu kwa jinsi breki inavyoshika juu. Kumbe nilikuwa nimeisogeza raba ikafunika kitundu. Gereji, baridi, kila kitu kilikuwa sawa. Barabarani, kila nilipogusa breki dramu zilipata joto, mafuta yakapanuka, hayana njia ya kurudi, yakavisukuma viatu. Viatu vikasugua, joto likaongezeka, mafuta yakapanuka zaidi. Hadi Nala lilikuwa linajifunga lenyewe.

Kwa hiyo: pedeli iwe na kizuizi chake cha juu na springi yake ya kurudi. Isiegemee pistoni. Pedeli ikiwa imegonga kizuizi, kati ya fito na pistoni pawe na nafasi ya milimita 1.5 hivi. Kwa mtaimbo wa 6 kwa 1, utaisikia kwenye pedeli kama milimita 9 za mchezo mtupu kabla ya uzito. Kaza nati ya kufungia fito, kisha pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe kunaisogeza. Halafu fungua kopo, mtu akanyage taratibu: mwanzoni kabisa mwa mwendo utaona mafuta yanarusha kijichirizi juu. Usipokiona, kitundu kimefunikwa au kimeziba.

Paipu na hozi

Tumia paipu ya breki ya inchi 3/16, ya chuma au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli. Paipu ya shaba ya friji iache kwenye friji. Nimeikuta chini ya magari mengi, imepanuliwa mdomo mara moja tu. Inachoka kwa mtikisiko na kupasuka palepale penye nati. Mdomo wa paipu ya breki unakunjwa mara mbili, kwa kifaa chake. Kama huna kifaa, kata na pinda mwenyewe, kisha mpelekee mwenye nacho akunje midomo tu. Kumbuka kuingiza nati kabla hajakunja. Utasahau mara moja.

Paipu ipite upande wa ndani wa chesisi, mbali na egzosi, na ishikwe kwa klipu kila sentimita 40 au chini ya hapo. Hozi laini ni tatu: mbili za mbele, moja ya ekseli ya nyuma. Zungusha stelingi mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, gari likiwa chini na likiwa limening'inia. Hozi isivutike, isiguse tairi. Hozi za zamani zisizovuja pia zitupe. Ndani zinavimba na kuwa kama valvu: mafuta yanakwenda, kurudi yanakataa.

Weka swichi ya presha ya taa za breki kwenye kiungo cha nyuma, maana ile ya fito haina tena pa kufungwa.

Hendibreki

Breki za nyuma za 1940 hadi 1948 zina mkono wake ndani kwa ajili ya kebo. Itumie, ivute hadi kwenye lever ya Model A. Hendibreki ibaki ya kebo, isiguse mafuta kwa namna yoyote, ili siku mafuta yakimwagika barabarani uwe na kitu cha kuvuta. Kebo ilegezwe kabisa wakati wa kurekebisha viatu, ikazwe mwisho. Kebo iliyokazwa mapema inavishikilia viatu wazi, na utaihangaikia masta silinda isiyo na kosa.

Mafuta na kutoa upepo

Nunua mafuta ya breki ya daraja la DOT 4, chupa ndogo zilizofungwa. DOT 3 inachemka nyuzi 205 ikiwa mpya, DOT 4 nyuzi 230. Zikishanyonya unyevu zinashuka hadi 140 na 155. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa dirishani, hata kwa ukame wetu, igawie mtu wa kulegezea kutu. Usiweke oili ya injini wala ya stelingi: raba zote zitavimba na kazi itaanza upya. Ile ya kujaza maji ya sabuni barabarani nimeiona kwa macho yangu. Inakufikisha nyumbani na kukuachia kutu katika kila silinda.

Masta silinda itolewe upepo kwanza ikiwa kwenye jiliwa, vipaipu vifupi vikirudi ndani ya kopo, ukisukuma pistoni polepole mpaka mapovu yaishe. Kisha ifunge garini na uanze na gurudumu lililo mbali zaidi nayo. Kwenye pikapu hii ni nyuma kushoto, nyuma kulia, kisha mbele mbili. Mrija wa plastiki unaoona ndani, ncha imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Maneno yetu gereji ni matatu: "Kanyaga." Nafungua. "Shikilia." Nafunga. "Achia." Msaidizi akiachia kabla hujafunga, umenyonya hewa na mmerudi mwanzo. Safari hii msaidizi alikuwa mzee mwenyewe, kwenye kiti, na kila nilipouliza "Babu, ikoje?" alinijibu "Bado ni uji." Mara ya tisa hivi akasema, "Sasa ni ugali." Kopo lisishuke chini ya nusu muda wote huo.

Mafuta ya breki yanakula rangi. Ndoo ya maji iwe karibu.

Kurekebisha na kujaribu

Zungusha gurudumu kwa mkono, geuza kirekebishi cha kiatu kimoja mpaka gurudumu likwame, kirudishe mpaka lizunguke huku ukisikia mguso mdogo. Fanya cha pili. Kanyaga pedeli kwa nguvu mara tatu ili viatu vijipange, rudia. Magurudumu manne yatoe sauti moja.

Kisha kanyaga kwa nguvu zote na ushikilie dakika nzima. Pedeli ikizama taratibu, kuna uvujaji au raba ya masta inapitisha. Zunguka na karatasi nyeupe, pangusa kila kiungo. Karatasi inaona kilichokwepa jicho.

Jaribio la kwanza liwe kwenye eneo tupu la udongo, hendibreki ikiwa imeshajaribiwa. Kilomita 10 kwa saa, simama. 20, simama. Shuka utazame alama za tairi: ya mbele kushoto na kulia ziwe sawa, na za nyuma zisiwe ndefu kuliko za mbele. Gari likivuta kulia, usikimbilie kulikaza la kushoto. Huenda la kushoto lina oili au chaki ulikuwa mvivu. Baada ya hapo lami, kilomita 40 kwa saa, simamo ishirini za wastani zenye nafasi ya kupoa katikati, ili lainingi zikae.

Halafu fanya kile ambacho sikukifanya mara ya kwanza. Endesha kilomita 10 ukigusa breki mara kwa mara, simama mahali tambarare, weka gia huru, shuka, usukume gari kwa mkono mmoja. Lazima liende. Sogeza kiganja karibu na kila dramu bila kugusa: ya mbele mbili ziwe na joto moja, ya nyuma mbili zipungue kidogo. Moja ikiwa baridi, haifanyi kazi. Moja ikiwaka kuliko mwenzake, haiachii. Anza na hozi yake, kisha springi, kisha kebo.

Baada ya kilomita 500 fungua dramu zote. Utakuta vumbi jekundu la njia zetu limekaa chini ya viatu, na pengine alama ya unyevu kwenye raba za silinda. Vumbi pangusa kwa kitambaa kilicholowa, unyevu badilisha raba. Mafuta yote yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, na mimi huwaambia wateja wafanye mwezi Novemba, kabla ya kifuku. Mzee wa Kongwa alikuja mwenyewe Novemba iliyofuata, kaendesha njia nzima. Nikaisukuma pikapu pale getini kwa mkono mmoja. Ikaenda, hadi ikagonga pipa langu la oili chafu, kwa sababu nilisahau kumwambia avute hendibreki.